Kazi ya kutwa, fleti haina uwanja, mbwa unamtaka: jibu kwa dada wa ghorofa ya nne

Swali nililoletewa ni hili, nalifupisha kidogo: "Dokta habari za kazi. Naishi fleti ghorofa ya nne, hatuna uwanja, kuna kibalkoni kidogo tu. Natoka saa 1 asubuhi kwenda kazini narudi saa 12 jioni, jumatatu mpaka ijumaa. Naishi na mdogo wangu yuko chuo, siku tatu za wiki anakuwa amerudi saa 7 mchana, siku mbili anarudi usiku. Toka utotoni natamani mbwa na sasa hivi kuna mtu ana vitoto vya mbwa vya miezi miwili anataka kunipa kimoja bure. Ndugu zangu wananiambia bila uwanja ni kumtesa mnyama. Niambie ukweli, nichukue au niache?"

Dada yangu, nashukuru sana umeniandikia saa zako moja kwa moja, maana wengi wakiniuliza hili swali wananieleza ukubwa wa sebule na upana wa balkoni, ukimuuliza anatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi anaanza kuzunguka, na mimi saa ndo ninachotaka kujua kabla ya kitu kingine chochote. Nikujibu kwa kifupi kwanza afu tuelezane. Habari ya uwanja isikunyime usingizi, mbwa anafugika bila uwanja na anaishi raha kabisa. Ila hicho kitoto cha miezi miwili usikichukue, kwa hali uliyonieleza hapana. Chukua mbwa mkubwa, na hata huyo mkubwa asiingie ndani mpaka umeshapata mtu wa kumtoa nje mchana kwenye zile siku mbili ambazo mdogo wako hayupo.

Tuanze na uwanja kwa sababu ndugu zako wameshikilia hapo. Watu wanadhani ukiwa na uwanja mbwa atajikimbiza mwenyewe, atacheza mwenyewe, jioni ukirudi ukute amechoka vizuri. Haiko hivo. Mfungulie mbwa uwanjani peke yake umwangalie, atazunguka ukuta mara moja mbili, atanusa pale alipokojoa jana, atambwekea mtu anayepita halafu atakuja kulala mlangoni anakusubiri wewe. Mbwa hafanyi mazoezi peke yake, anafanya na mtu wake au na mbwa mwenzake. Mimi nawatibu mbwa wenye viwanja vikubwa wanene kupita kiasi, kucha zimerefuka mpaka zinajikunja, hawajawahi kuvuka geti miaka, wakitolewa nje kidogo wanaogopa hata pikipiki, na mwenye mbwa ana uhakika kabisa kwamba mbwa wake ana maisha mazuri kwa sababu ana nafasi. Wa fletini hana ujanja, lazima atoke, lazima ashuke na mtu wake mara tatu nne kwa siku, na kwenye kushuka huko ndo anakutana na magari, watoto, harufu mpya, mbwa wengine. Kitu pekee ambacho uwanja unarahisisha kweli ni haja, unafungua mlango anajisaidia unafunga, na hiyo raha ni ya kwako wewe, mbwa wala haimhusu.

Sasa saa. Kutoka saa 1 mpaka saa 12 ni masaa 11.

Hapa kuna habari nzuri na habari mbaya. Nzuri ni kwamba mbwa mzima analala sana, kwenye masaa 24 wengi wanalala 12 mpaka 14, na muda ambao mwili wake unachangamka wenyewe ni alfajiri na jioni, yaani zile saa ambazo wewe uko nyumbani. Kwahiyo mbwa aliyelala mchana kutwa sebuleni sio kwamba amekata tamaa ya maisha, ndo alivyoumbwa, hata ukishinda naye nyumbani utaona saa nne asubuhi huyo amejilaza. Mbaya ni kibofu, na upweke. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kubana mkojo masaa 6 mpaka 8, na usiku anakaa hata zaidi kwa sababu amelala na figo zinapunguza kazi, ila kuweza ni kitu kimoja na kulazimishwa kila siku ni kitu kingine, mbwa anayebanishwa kutwa miaka nenda rudi anajiweka karibu na maambukizi ya njia ya mkojo na anaishi na karaha ambayo hawezi kukwambia. Mimi nawaambia wateja wangu hivi, masaa 4 anakaa bila shida yoyote, masaa 6 ndo mwisho wangu kwa kitu cha kila siku. Na sijakurupuka nayo, Sweden kwa mfano imeandikwa kabisa kwenye kanuni zao za ufugaji kwamba mchana mbwa atolewe nje angalau kila baada ya masaa 6, na watu wengi sana huko wanaishi fletini na wanafanya kazi kutwa kama wewe.

Ukipiga hesabu kwa kipimo hicho utaona hali yako sio mbaya hata kidogo. Siku tatu mdogo wako anafika saa 7, hayo ni masaa 6 kamili, amshushe, basi tatizo limeisha. Zinabaki siku mbili. Ila naomba ukae na mdogo wako uongee naye kama watu wazima, kuwepo nyumbani sio sawa na kumtoa mbwa. Mwanafunzi amerudi na njaa amechoka, mbwa amesimama mlangoni anamwangalia, akisema ngoja nijinyooshe kidogo ndo hapo mkojo unapatikana kwenye zulia. Mwambie ni dakika 20, viatu havivuliwi kwanza, mkanda unachukuliwa palepale mlangoni mnashuka. Na umuulize kuhusu mitihani, likizo, muhula ujao ratiba ikibadilika itakuwaje, maana mbwa anaishi miaka 10 mpaka 15 na chuo ni miaka michache, siku akihama hizo siku tatu zinarudi kwako.

Kwa zile siku mbili unatafuta mtu, na mtu huyu ndo roho ya mpango mzima kwahiyo usimfanye wa mwisho. Anaweza kuwa jirani mstaafu anayependa mbwa ila hataki kuwa na wake, kijana anayetembeza mbwa kwa malipo, au wewe mwenyewe kama ofisi iko karibu na mapumziko yako ya mchana yanatosha kwenda na kurudi. Muda wa katikati unakutosha, saa 6 na nusu hivi, ili kila upande ubaki na masaa matano na nusu. Aje kwanza mara kadhaa wewe ukiwepo, mbwa amjue, amfunge mkanda wewe ukiangalia, mshuke wote, ndo baadaye umpe funguo. Kuna na vituo vya kushindishia mbwa, vingine vizuri sana, ila usidanganyike na picha za mbwa wengi wanakimbizana, uliza mbwa wangapi kwa mhudumu mmoja, uliza kama wanadai cheti cha chanjo kwa kila mbwa anayeingia, uliza wanapumzika saa ngapi na wapi, maana kuna mbwa kelele za wenzake zinamchosha vibaya na anarudi nyumbani na hasira. Mbwa mtulivu wa makamo mara nyingi anafurahia zaidi kulala kwake akatolewa nusu saa kuliko kushinda kwenye kundi.

Haya, kitoto. Najua kimeshakuingia moyoni na najua ni bure, nakuomba unisikilize. Kitoto cha mbwa tunakikadiria kibofu chake kwa miezi yake ukiongeza moja, kwahiyo wa miezi miwili ni masaa 3 tena akijitahidi, akiamka anakojoa, akila anakojoa, akicheza anakojoa. Anakula mara tatu mpaka nne kwa siku. Meno yanamuwasha, anatafuna waya wa umeme, soksi, kitu chochote kilichoanguka. Hayo yote bado mtu anaweza kusema nitavumilia, lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo halionekani kwa macho. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama wiki ya 14 ubongo wa mbwa uko wazi kupokea dunia, alichokutana nacho kwa wema kipindi hicho anakichukulia kawaida maisha yake yote, na ambacho hakukutana nacho baadaye kinaweza kuwa cha kuogopesha. Na kipindi hichohicho chanjo zake hazijakamilika, zile za mwanzo tunazirudia kila baada ya wiki 2 mpaka 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, na virusi vya parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaoua vitoto vya mbwa, vinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi vinamsubiri. Kwahiyo kitoto kinahitaji mtu wa kukibeba mkononi kila siku kukionyesha barabara, watu wa kila aina, sauti, lifti, bila kukiweka chini sehemu wanapopita mbwa usiowajua. Hii ni kazi ya mchana, wewe mchana uko ofisini. Kikiachwa peke yake masaa 6 ya asubuhi mara tano kwa wiki kitajifunza vitu viwili tu, kwamba sakafu ndo choo na kwamba mlango ukifungwa dunia imeisha. Hivi vitu viwili ndo vinavyoniletea mbwa wa mwaka mmoja kliniki, mwenyewe amechoka hataki hata kumwona, na mbwa hana kosa lolote.

Labda uwe na likizo ndefu ya wiki kadhaa na baada ya hapo kuwe na mtu mzima ndani mpaka afike kama miezi 6, hapo tungeongea vingine. Kwa ulivyonieleza huna.

Mbwa mkubwa, namaanisha miaka miwili kwenda juu, na hata wa miaka saba usimpite, huyo unajua unachochukua. Mwili umeshakua, tabia imeshaonekana, chanjo amepata, wengi wameshahasiwa au kufungwa kizazi, na wengi wanajua haja ni nje. Utamkuta kwenye makazi ya mbwa walioachwa au kwa mtu anayehama. Mkikutana naye usiangalie uzuri wa manyoya, muulize anayemtunza: huyu mbwa ameshawahi kuachwa peke yake ndani, kwa masaa mangapi, mlivyorudi mlikuta nini? Akisikia watu koridoni anafanya nini? Ngazi anapanda? Akitoka matembezi anajilaza au anaendelea kuzunguka chumba? Hilo la mwisho mimi nalithamini kuliko yote, mbwa anayejua kujituliza mwenyewe baada ya kutoka nje ndo mbwa wa fleti, mengine mtafundishana.

Na usidanganywe na ukubwa. Watu wanasema fleti ni ya mbwa mdogo afu wanachukua Jack Russell, mbwa wa kilo sita saba aliyezalishwa kufukuza mbweha kwenye mashimo, hachoki, anabweka, anaruka makochi kutwa. Wakati huohuo Greyhound aliyestaafu mashindano, mbwa mrefu anayefika karibu kiunoni, akishakimbia kidogo analala siku nzima kwenye godoro lake na jirani anaweza asijue kama yupo. Great Dane naye ni mkubwa sana ila ndani ni mpole mzito. Border Collie, Malinois, Husky, hawa nakwambia waache, walizalishwa wafanye kazi kutwa na ukiwanyima kazi wataitafuta wenyewe kwenye makochi yako. Beagle ni mtamu ila sauti yake inapita kuta tatu. Basenji, yule wa asili ya Kongo, watu wanamkimbilia kwa sababu habweki kama wengine, ni kweli habweki hivo, ila ana nguvu na akili za kupanda juu ya kila kitu. Hawa wa pua bapa kama Pug na Bulldog wanatulia, lakini wanapumua kwa shida, joto linawaua kweli, na ghorofa nne za ngazi mchana wa jua kwao ni hatari. Kama ni chotara asiyejulikana kabila lake, na wengi wao ni mbwa wazuri mno, mwangalie yeye mwenyewe alivyo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ndo kinabeba siku nzima, saa yako ya asubuhi. Mbwa wa fleti mwenye furaha na mbwa wa fleti anayekula mlango mara nyingi tofauti yao iko kati ya saa 11 na saa 1 asubuhi. Kumshusha dakika tatu, kojoa haraka twende, haimsaidii, hiyo ni choo tu. Mpe dakika 40 mpaka saa nzima, na kwenye huo muda mwache anuse. Watu wanawavuta mbwa, twende twende, kwa sababu wanadhani mazoezi ni miguu. Msimamie siku moja mbwa kwenye nguzo ya taa umwangalie vizuri: anafika, anasimama ghafla, tundu za pua zinafunguka na kufunga harakaharaka, anasogea sentimita mbili chini, anarudi juu, masikio yamelala nyuma kidogo, anachukua pumzi fupifupi halafu anatoa moja ndefu kwa nguvu kupitia pembeni ya pua, ndo anarudia tena palepale. Pale anapata habari nani amepita, dume au jike, ana hali gani. Pua yake ina vipokezi vya harufu kama milioni 200 mpaka 300, sisi tuna kama milioni 5 au 6, na kazi ya kuchambua harufu hizo inamchosha akili kwa uzuri, nusu saa ya kunusa kwa uhuru wengi inawalaza vizuri kuliko mwendo wa haraka wa muda huohuo. Kwahiyo kamba iwe ndefu kidogo, mita mbili tatu, na mkanda uwe wa kifuani usimkabe shingo.

Mkirudi mpe kama nusu saa apoe kabla ya kula, hasa akiwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, hao tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda na hiyo ni dharura ya kufa na kupona ndani ya masaa. Afu chakula usikiweke kwenye bakuli. Chukua taulo kuukuu, litandaze sakafuni, mwaga chakula chake kikavu juu, likunje kama mkeka likishafika mwisho likunje tena katikati, mwekee. Ataanza kwa kulisukuma na pua, litamkimbia kwenye vigae, atalikanyaga na mguu mmoja, atagundua akivuta ncha kinadondoka kipande kimoja, atakula, atavuta tena, na wewe unavaa viatu huku unasikia anavyohangaika nalo kwa raha. Dakika 15 za kazi kwa kitu ambacho angemaliza kwenye bakuli ndani ya dakika moja. Siku nyingine boksi la karatasi lenye karatasi zilizokunjwa ndani, siku nyingine ule mpira wa raba wenye shimo umejaza chakula laini ukagandisha kwenye friza. Usimwachie mifupa iliyopikwa akiwa peke yake, inapasuka vipande vyenye ncha. Na kabla hujafunga mlango pitisha macho juu ya meza, chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, bigijii zenye xylitol (ile sukari mbadala), hivi vyote ni sumu kwake na mbwa aliyebaki peke yake ana muda wa kutosha wa kuvitafuta.

Kuachwa peke yake anafundishwa, usitegemee atajua tu. Akifika nyumbani uwe na likizo ya wiki moja mbili, na usizitumie zote kumkumbatia. Siku za mwanzo chukua funguo, kaa nazo, zirudishe. Vaa viatu vya kazini, pika, vua. Toka nje ya mlango sekunde kumi, rudi bila shangwe. Dakika moja. Tano. Siku inayofuata tatu. Unapanda na kushuka ili asijue kama leo ni ndefu au fupi, na unarudi kabla hajaanza kulia. Watu wakisikia hivi wanaona ni mchezo wa kitoto ila hakuna dawa nyingine inayozidi hii. Na wikiendi usikae naye masaa 48 mmegandana, jumapili toka kidogo bila yeye, la sivyo jumatatu inakuwa mshtuko kila wiki.

Afu weka simu ya zamani irekodi vidio. Hii nakuomba usiiruke, maana jirani anaweza kukwambia hajasikia kitu na mbwa akawa anateseka kimyakimya. Angalia nusu saa ya kwanza baada ya kutoka, hapo ndo kila kitu kinaonekana. Aliye sawa ataenda mlangoni, atasikiliza, labda atalialia mara mbili, atamalizia taulo, ataguna, atalala. Mwenye tatizo utamwona hagusi chakula anachokipenda, anahema wakati hakuna joto, udenda unadondoka mpaka kifua kimelowa, anakwaruza fremu ya mlango, anakojoa wakati ametoka kukojoa nje dakika ishirini zilizopita. Huyo hafanyi utukutu, amepatwa na hofu kubwa, mwili mzima umeingia kwenye hatari. Usimfungie kwenye kizimba ukidhani atatulia, nimeona meno yaliyovunjika kwenye vyuma. Usikimbilie kumletea mbwa wa pili pia, mara nyingi anachokililia ni mtu wake, mwenzake hamsaidii. Mpeleke kwa daktari wa wanyama mapema, zipo dawa kama fluoxetine na clomipramine zinazotumika kwa mbwa, hazimlevyi, zinashusha hofu mpaka mafunzo yaweze kuingia, na zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri kwahiyo usikate tamaa siku ya nne.

Ukirudi ukakuta amekojoa ndani au ametafuna, usimgombeze. Najua anakuangalia kwa lile jicho la aibu, masikio chini, mkia umefichwa, na kila mtu atakwambia anajua alichofanya. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alilipima hilo, ikaonekana lile jicho linakuja kwa sababu mwenye mbwa anagomba, hata mbwa ambaye hakufanya kosa lolote analionyesha. Anasoma uso wako tu. Ukimgombeza anachojifunza ni kwamba wewe kurudi ni jambo la hatari, na kesho yake anakusubiri kwa hofu zaidi. Safisha na dawa yenye vimeng'enya (enzymes) vya kuvunja mkojo, usitumie yenye amonia maana kwake inafanana na harufu ya mkojo na atarudi palepale.

Mambo ya jengo nitayapita haraka. Ruhusa ya mwenye nyumba uipate kwa maandishi, ya mdomo inasahaulika siku jirani akilalamika. Balkoni sio uwanja wala sio choo, usimwache huko peke yake, kuna jua, kuna kubweka, na kwenye ghorofa ya nne kuna kuanguka. Vigae vinateleza, tandika mikeka ya mpira njia anayopita sana hasa akiwa mzee, na kucha zikatwe. Kwenye lifti mfundishe kukaa kona, wewe katikati yake na mlango, kamba iwe ndani yote kabla mlango haujafunga, kamba iliyobaki nje ya lifti ni ajali mbaya sana. Jua likiwa kali weka mgongo wa mkono wako kwenye lami, kama huwezi kuvumilia sekunde saba na nyayo zake haziwezi. Na mifuko ya kuokotea kinyesi ikae mfukoni muda wote, mbwa mmoja asiyeokotewa anawaponza wote wa jengo zima.

Jioni ukifika saa 12 anatoka kwanza, hata mkoba usikae, ndo baadaye mcheze, umfundishe dakika kumi kitu chochote, kukaa, kusubiri, kutafuta kitu ulichoficha. Kisha haja ya mwisho kabla ya kulala. Hapa ndo wengi wanapokwama na nataka ulipime kabla hujamchukua, kwa wiki mbili ishi kama tayari yupo: amka saa 11, shuka utembee saa nzima, jioni rudi moja kwa moja bila kupitia popote, saa 4 usiku shuka tena hata kama mvua inanyesha. Ukiona mwili umekubali, nenda hatua ya pili, omba kumlea mbwa mkubwa kwa muda kutoka kwenye makazi ya mbwa, sehemu nyingi wanaruhusu na wanafurahi sana kwa sababu mbwa anapumzika kelele. Siku za mwanzo atakuwa ameduwaa, halali vizuri, usimhukumu hapo, wengi wanahitaji wiki kadhaa kuizoea ratiba na hata miezi mitatu kujiona wako kwao.

Hela nazo uzihesabu kwa mwezi, chakula, dawa ya kupe na viroboto na minyoo, chanjo za kila mwaka unazigawa, na mtu wa mchana, ambaye kwa watu wengi wa ratiba kama yako anagharimu zaidi ya chakula chenyewe. Weka na akiba ya dharura ya kliniki na ujue nani atamshika ukisafiri.

Kama umetafuta mtu wa zile siku mbili ukamkosa kabisa, basi kwa sasa usichukue, nenda wikiendi ukatembeze mbwa wa makazi au wa jirani mgonjwa asiyeweza kushuka ngazi, utakuwa unajifunza na huyo mbwa atakuwa amepata saa yake. Ukimpata mtu, niandikie jina la siku hizo mbili na saa atakayokuja, na umri wa mbwa utakayekuwa umemwona, nikupangie ratiba ya ile likizo ya mwanzo siku kwa siku.